Soda ya saa kumi: kisa cha muuza vitenge wa Kariakoo na hamu ya sukari

Mteja wa kisa hiki ni dada wa miaka 38. Anauza vitenge kwenye duka la mtu Kariakoo, anaishi Mbagala na mumewe, watoto watatu na mama yake mzazi. Ameridhia kisa chake kiandikwe. Jina nimeliacha, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha nimeyaondoa.

Alikuja akiwa na karatasi ya maabara mkononi. Sukari ya kufunga, yaani iliyopimwa asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, ilisoma 5.9, kwa kipimo cha milimoli kwa lita (mmol/L), na namba zote za sukari ya damu hapa chini ni za kipimo hicho. Mama yake ana kisukari kwa miaka mingi na anachoma insulini, kwa hiyo namba ile ilimnyima raha. Wamarekani wanaanza kuhesabu hatari ya kisukari kwenye 5.6, Shirika la Afya Duniani linaanzia 6.1, na wote wawili wanakubaliana kwamba 7.0 ni kisukari chenyewe, kipimo kikirudiwa kikasema hivyo hivyo. Yeye alikuwa katikati ya mstari mmoja na mwingine. Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9 hivi ya watu wa miaka 25 hadi 64, na kwa mtu ambaye mzazi wake anao tayari, hiyo si karatasi ya kukunja na kuweka kwenye pochi.

Lakini hakuja kuzungumzia karatasi. Alitaka kuzungumzia soda.

"Daktari, mimi nina ugonjwa wa kuitamani sukari. Ikifika saa kumi jioni sijiwezi. Nikikosa soda mikono inatetemeka, kichwa kinagonga, mteja akiuliza bei mara mbili namjibu ovyo. Sukari yangu inashuka, si ndiyo? Au nimeshakuwa teja?"

Wengi wanaonijia na hamu kali ya vitu vitamu huwa na moja ya maelezo hayo. Ama sukari yao inashuka, ama wameshakuwa mateja. Huyu alikuja na yote mawili. Kwake hayakusimama hata moja, na kilichobaki baada ya kuyaweka pembeni ndicho ninachotaka mtu mwingine akipate, yule anayeapa kila Jumatatu kwamba sukari basi, na ikifika Jumatano yumo.

Siku yake ilivyokuwa

Sikumuuliza anakula nini. Ukimuuliza mtu swali hilo atakutajia wali, ugali, samaki na mboga za majani, na hatakuwa amekudanganya. Nilimwomba anisimulie jana yake, saa kwa saa.

Anaamka saa kumi na nusu alfajiri ili aandae watoto na kuwahi gari kabla foleni ya barabara ya Kilwa haijakaza. Nyumbani hali kitu. Saa mbili yuko dukani na kikombe kikubwa cha chai ya rangi na maandazi mawili. Saa nne chai nyingine, hii bila kitafunwa, kwa kuwa muuza chai amepita. Chakula cha mchana? Hapo alicheka. Kuanzia saa sita hadi saa tisa ndipo wateja wa mikoani wanapomiminika, wanataka mizigo yao ifungwe mapema wawahi safari, na bosi haoni kwa nini mtu aende kukaa kwa mama ntilie muda huo. Siku nyingine anakula wali saa tisa na nusu, umeshapoa. Siku nyingine hali kabisa. Saa kumi, soda ya baridi. Kwenye gari la kurudi, pakiti ya ubuyu. Nyumbani chakula cha usiku saa tatu, chai tena, na kulala ni saa tano na nusu ikikaribia saa sita.

Sukari kwenye chai alisema ni vijiko vitatu. "Vya chai tu, vile vidogo." Nikamwomba siku nyingine aje na kijiko chenyewe. Tuliweka mzani wa jikoni mezani, akachota anavyochota siku zote, kimejaa mpaka kinamwagika pembeni. Kijiko kilichosawazishwa kwa juu hubeba kama gramu 4. Chake kilibeba 7. Vitatu ni 21, na vikombe vitatu kwa siku ni 63. Soda ya kola ya mililita 350 ina gramu 37 hivi. Tukafika 100 kwa siku, bila ubuyu, bila sukari iliyokandwa ndani ya maandazi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unasema sukari tunayoongeza, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 50, na ikiwezekana chini ya 25. Alikuwa mara mbili ya kiwango cha juu. Alikaa akiitazama sukari ile kwenye mzani, akapiga hesabu yake mwenyewe ya dukani: "Yaani robo inaisha kwa siku mbili na nusu. Mimi peke yangu." Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika, alikuwa akizunguka maduka ya Mbagala kuitafuta hiyo robo, anainunua kwa bei ya kuumiza, na kikombe chake hakikupungua hata kijiko kimoja.

Je, ilikuwa inashuka?

Hili halikuhitaji ubishi, lilihitaji kupimwa. Mama yake ana kipimo cha kidole. Nilimwomba akiazime siku chache na vibanzi vichache tu, maana vibanzi vina bei na bibi anavihitaji kuliko sisi. Apime saa kumi ile ile, mikono ikitetemeka, kabla hajaifungua soda.

Alirudi na 4.7, 5.0 na 4.8. Hizo ni namba za mtu mzima wa afya ambaye ana njaa. Kwa asiyetumia dawa za kisukari, tunasema sukari imeshuka kweli inapokuwa chini ya 3.0 hivi huku dalili zipo, na dalili hizo ziondoke sukari ikipanda. Yake haikukaribia huko. Kutetemeka kulikuwa kwa kweli, sikumwambia kwamba anajisingizia. Mtu aliyepata usingizi wa saa tano tu, akanywa vikombe viwili vikubwa vya chai juu ya tumbo lisilo na kitu cha maana, akasimama tangu asubuhi kwenye joto la Kariakoo, atatetemeka. Ila dawa ya hali hiyo haitoki kwenye friji la soda.

Asubuhi, hata hivyo, ilikuwa na habari nyingine. Siku moja alipima saa moja baada ya chai na maandazi: 8.9. Akapima tena muuza chai alipopita saa nne: 4.4. Hapo hakuna namba hata moja ya ugonjwa. Kilichotokea ni kwamba ilipanda haraka ikashuka haraka. Mwaka 2021 watafiti wa King's College London na wenzao walichapisha matokeo ya watu 1,070 waliovaa vifaa vya kupima sukari mfululizo. Wale ambao sukari yao ilizama zaidi saa mbili hadi tatu baada ya kula, ikaenda chini ya pale ilipoanzia, walisikia njaa mapema na wakala zaidi siku hiyo, ingawa wote walikuwa watu wenye afya na walikuwa wamepewa vifungua kinywa vya aina moja. Mwili unasikia mteremko hata kama haujafika chini.

Kwa hiyo chai ya saa nne tulishaipatia maelezo. Maandazi mawili na gramu 21 za sukari ndivyo vilivyoiita. Soda ya saa kumi ilikuwa bado haijaeleweka, kwa sababu kutoka saa nne hadi saa kumi ni mbali sana kulaumu andazi.

Ramadhani

Nilimuuliza swali moja ambalo sasa namuuliza kila anayefunga: na Ramadhani je?

Alinyamaza kidogo. "Ramadhani sina shida."

Nikamwomba anieleze. Anakula daku na chai kikombe kimoja, halafu hakuna kitu mpaka magharibi. Duka linakuwa na kazi kuliko mwezi mwingine wowote, watu wananunua nguo za Idi. Ikifika saa kumi ameshafunga saa kumi na moja nzima, ana njaa na koo limekauka. Lakini soda? "Haipo kichwani kabisa. Inarudi magharibi, nikishaona tende na kaimati vimepangwa mkekani. Hapo hata dakika tano za kusubiri adhana naziona ndefu."

Naomba msomaji atulie hapa, maana hapa ndipo kisa kilipofunguka. Kama sukari ya mwili ndiyo ingekuwa inaamuru, saa kumi ya Ramadhani ingekuwa mbaya kupita zote, tumbo likiwa tupu tangu alfajiri. Kama angekuwa teja kwa maana ya kilevi, saa zile zingemtesa. Badala yake hamu iliondoka pale ilipokosa ruhusa, ikarejea dakika chache kabla ya ruhusa. Inaenenda kama mbwa wa nyumbani: geti likifungwa analala, akisikia kitasa anasimama.

Wanasaikolojia wameliona jambo hili kwenye sigara. Mwaka 2010 mtafiti wa Israeli, Reuven Dar, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wahudumu wa ndege wanaovuta sigara. Wahudumu hao hao walifuatiliwa kwenye safari fupi za Ulaya na safari ndefu za New York. Hamu ilipanda ndege ilipokaribia kutua, kwa zote mbili. Mwisho wa safari fupi, baada ya saa chache tu bila sigara, hamu ilikuwa kali kuliko ilivyokuwa saa ile ile kwenye safari ndefu, kwa kuwa wa safari ndefu walijua bado sana. Sigara na soda ni vitu viwili tofauti, lakini dada yetu alipolisikia hilo alipiga meza: "Ndiyo mimi huyo!"

Na ubongo una sababu yake. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alipima chembe hai zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na hamu, kwenye ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni chembe zile zilisisimka juisi ilipofika. Nyani walipozoea kwamba alama fulani hutangulia juisi, msisimko ulihamia kwenye alama. Dukani kwake alama hazikuwa za kutafuta. Saa kumi wateja wa mikoani wamepungua. Kijana wa vinywaji anapita na ndoo ya barafu akigongesha kifungulio kwenye chupa. Jirani wa duka la pili anaita, "Jamani, leo nani anaweka?" Wauzaji watatu wanne wanatoka, wanachanga, wanakaa kwenye viti vya plastiki mlangoni, na hizo ndizo dakika pekee za siku nzima ambazo hakuna anayewatuma. Hiyo soda ilikuwa imebeba mapumziko, baridi na maongezi. Gramu 37 za sukari zilikuwa zimepanda lifti ya wengine.

Kuhusu uteja niseme wazi, kwa kuwa neno hili linawaumiza watu. Mwongozo wa wataalamu wa akili wa Marekani wa 2013 hauitambui sukari miongoni mwa vilevi. Yapo majaribio maarufu ya panya yaliyofanyika Chuo Kikuu cha Princeton, ambapo panya walianza kuifakamia sukari na kuonyesha dalili zinazofanana na za uraibu. Lakini wale walikuwa panya waliofungiwa chakula saa 12 kila siku, kisha wanafunguliwa chakula na sukari kwa pamoja. Panya walioachiwa sukari na chakula muda wote hawakufika huko. Sisi si panya, ila mpangilio ule wa kushinda njaa kisha kufunguliwa saa ile ile kila siku uliniganda kichwani nilipokuwa nikisoma ratiba ya huyu mama.

Kitu kingine aliniuliza kama mwili wake unapungukiwa madini fulani, maana ameona video zinazosema hivyo. Kwa udongo, ule wa pemba wanaotafuna wajawazito, uhusiano na upungufu wa damu upo na tunapoona mtu anautamani tunampima. Kwa sukari hakuna ushahidi wa namna hiyo. Aliweka pesa yake ya vidonge vya madini mfukoni.

Tulichofanya

Alitaka nimpe orodha ya marufuku. Nilikataa. Alishajipiga marufuku mwenyewe mara kadhaa: anatupa sukari, anakunywa chai chungu kwa kukunja uso, anakaa hivyo siku chache, halafu anaalikwa kitchen party ya binamu yake anakula keki vipande asivyokumbuka idadi. Asubuhi yake anajiona hana msimamo, na mtu anayejiona hana msimamo hajipangii tena. Msimamo alikuwa nao, wa kufunga mwezi mzima kila mwaka. Kilichokosekana ni siku yenye chakula.

Tulianza na asubuhi, na ningemwambia yeyote aanzie hapo hata kama shida yake ni ya jioni. Pale Kariakoo chakula cha maana cha asubuhi kinapatikana kuliko sehemu nyingi za jiji: mayai ya kuchemsha na kachumbari ya vijana wanaopita na trei, chapati maharage, mihogo, supu. Supu aliiona ghali kwa kila siku. Akachagua chapati moja na bakuli la maharage, siku nyingine mayai mawili na kipande cha muhogo. Protini na nyuzinyuzi za maharage hushusha mwendo wa sukari kuingia kwenye damu na hukaa tumboni. Chai ilibaki. Wiki ile ile ya kwanza chai ya saa nne ilianza kumpita bila kuikumbuka, na hili lilimshangaza kuliko kitu kingine chochote tulichokifanya.

Mchana ulikuwa mgumu kwa sababu ulimhusu bosi. Nilimshauri asiombe ruhusa ya chakula cha mchana, aombe dakika kumi na tano saa sita kasorobo, kabla wateja hawajafurika. Mama ntilie analeta sahani hadi dukani, wali maharage na mchicha, samaki siku pesa ikiruhusu, naye anakula nyuma ya kaunta huku kijana wa duka akisimama mbele. Akimaliza wanabadilishana. Bosi alikubali haraka kuliko alivyotegemea. Haitokei kila siku. Siku mzigo unaposhushwa saa sita, mchana huo umekwenda, na siku hizo soda inarudi kwa nguvu zake zote. Aliziona mwenyewe hizo siku, bila mimi kumwambia, na kwangu hilo lina thamani kuliko kikombe kisicho na sukari.

Chai hatukuikata, tuliishusha. Vijiko vilibaki vitatu, ila vilivyosawazishwa na kisu. Hapo tu 21 zikawa 12. Baada ya wiki mbili hivi, viwili na nusu, kisha viwili, iliki na tangawizi zikiongezwa ili kikombe kisiwe kitupu. Kuna utafiti wa 2016 wa Paul Wise na wenzake wa Philadelphia ambao ninawasimulia wateja kwa uangalifu. Watu waliopunguza sukari kwa miezi mitatu walianza kukiona kitu kile kile kitamu zaidi ya walivyokiona awali, na tofauti ilionekana kuanzia mwezi wa pili. Lakini kiwango cha utamu walichokipenda hakikubadilika. Yaani ulimi unajifunza kuhisi sukari kidogo, wala hauanzi kuichukia. Anayengoja siku atakapoichukia keki atangoja sana, na haina haja.

Kisha tukaifikia saa kumi yenyewe. Nilimwambia asikiache kile kijiwe. Abaki na kiti chake cha plastiki. Tulichobadilisha ni kilichomo mkononi, na tulibadilisha kabla kijana wa barafu hajafika, maana akishafika mashindano yameisha. Saa kumi kasoro robo anakunywa maji ya baridi chupa nzima, kwa sababu sehemu ya kile alichokiita hamu ya sukari ilikuwa kiu ya mtu wa Dar mwezi wa pili. Kisha kwenye kijiwe anaweka mchango wake, ila unanunua matunda ya kukatwa, tikiti na papai na nanasi kwenye kontena, au machungwa yaliyomenywa. Siku ya kwanza wenzake walimcheka: "Dada leo umekuwa mgonjwa?" Akawajibu kuwa mama yake mgonjwa, yeye anajikinga. Hakuna aliyecheka tena. Mmoja sasa anachangia matunda. Wengine wanakunywa soda zao, na yeye Ijumaa anakunywa yake, chupa nzima, bila kujificha na bila kujilaumu. Siku inapombana kabisa anatembea kwa kasi hadi stoo na kurudi. Watafiti wa Exeter, Uingereza, walionyesha mwaka 2012 kwamba dakika kumi na tano za kutembea haraka zilifanya wapenzi wa chokoleti, waliowekwa kwenye mazingira ya kuigiza ofisi, wale chokoleti karibu nusu ya wenzao waliokaa. Kariakoo kutembea haraka ni kazi, lakini kunawezekana.

Kuna njia moja ya pembeni niliyoifunga mapema. Watu wakiacha soda hukimbilia juisi ya miwa na asali, wakisema ni vya asili. Juisi ya miwa ni sukari ya kiwandani kabla haijafika kiwandani, na glasi yake inaweza kuizidi soda. Asali Shirika la Afya Duniani linaihesabu pamoja na sukari. Dafu ni afadhali sana kuliko vyote hivyo, na chungwa la kutafuna ni afadhali kuliko la kukamua.

Usingizi hatukuuweza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wa 2004 uliwalaza vijana wa kiume saa nne tu kwa usiku mbili. Homoni ya njaa, ghrelini, ikapanda kwa asilimia 28, ile ya shibe, leptini, ikashuka kwa asilimia 18, na walichokitamani zaidi kilikuwa vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Nilimweleza. Akanisikiliza kwa adabu, akaniuliza nani atawaamsha watoto. Mumewe amechukua kazi ya kuwaandaa siku mbili za wiki, na siku hizo dada analala mpaka saa kumi na moja na nusu. Ni kidogo. Sitaandika kwamba inatosha, kwa sababu haitoshi, na mshauri anayemwambia mama wa Mbagala alale kwa muda wa saa nane bila kuuliza gari linaondoka saa ngapi hajamshauri kitu.

Sukari ya bibi

Jambo moja lilitaka kuleta madhara, nalo halikuwa la dada mwenyewe. Kwa ari aliyokuwa nayo alitaka nyumba nzima isiwe na sukari, hata ya kuonja. Nikamkumbusha kwamba ndani ya nyumba ile kuna mtu anayechoma insulini. Anayetumia insulini, au vidonge vya kisukari vinavyosukuma kongosho kama glibenclamide, anaweza kushuka kweli, chini ya 3.9, akatoka jasho, akachanganyikiwa, akaanguka. Hapo sukari ndiyo dawa: gramu 15, sawa na vijiko vya chai vinne vilivyosawazishwa ndani ya maji, au chini kidogo ya nusu ya chupa ile ya soda. Mngoje dakika 15, mpime tena, ikiwa bado iko chini mrudie. Akiwa amepoteza fahamu msimnyweshe kitu, kimbizeni hospitali. Kopo la sukari lilirudi kabatini, na watoto wote watatu wanajua lilipo na ni la nani.

Ilipofika miezi minne

Kwa hesabu yetu ya mzani yuko chini ya gramu 40 siku za kawaida, na Ijumaa zaidi kwa sababu ya soda. Uzito umepungua kilo mbili bila kuutafuta. Sukari ya kufunga ilisoma 5.7. Alisononeka, alitegemea kushuka zaidi. Nilimweleza kwamba namba hiyo inabeba pia urithi, usingizi na kiuno, na kwamba hakuja kwangu kwa ajili ya namba peke yake. Ile ya kutetemeka saa kumi hajaiona tangu mchana wake ulipotulia, isipokuwa siku za mzigo.

Chai ya usiku bado ina vijiko viwili na nusu. Mumewe anapenda chai ya pamoja, birika moja, sukari ikiwa imeshatiwa ndani, naye hataki ugomvi juu ya birika. Tumekubaliana sukari itiwe kwenye vikombe, kila mtu na chake, na mumewe amesema atafikiria. Kipimo cha sukari atakirudia baada ya miezi sita, kisha kila mwaka. Akianza kuona kiu isiyokatika, haja ndogo za usiku mara kwa mara, macho kufifia au uzito kuporomoka wenyewe, asingoje tarehe hiyo.